Kwanza Kitu, Kisha Jina: Somo juu ya Tamathali za Semi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya tamathali za semi, kwa faida ya vijana wanaojitayarisha kwa mtihani, na kwa kuwaburudisha wenzetu waliotoka shuleni zamani ambao bado hulisoma gazeti hili huko waliko. Nimelipokea ombi lake kwa furaha, kwa sababu somo hili wanafunzi wangu hulijua kwa ulimi kuliko wanavyolijua kwa macho. Mwulize kijana wa kidato cha tatu maana ya sitiari, atakujibu bila kusita. Mpe methali moja ya baharini, umwambie aeleze picha iliyomo, naye atatazama dari.

Basi nitasema jambo moja tu, na yote yatakayofuata ni kulieleza jambo hilo. Kila tamathali imesimama juu ya kitu ambacho mtu fulani alikiona kwa macho yake, au alikishika, au alikionja. Ukikijua kitu hicho, maana itakujia yenyewe, na jina la tamathali utalikumbuka. Usipokijua, jina peke yake halitakufaa katika mtihani, wala sokoni, wala mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: kwanza kitu, kisha jina.

Sisi wa Dabani tuna haja ya kanuni hii kuliko watu wengi. Hapa mtoto husikia Kisamia au Kigwe nyumbani, Kiteso kwa jirani, Dhopadhola akienda Tororo, Kiganda ndani ya basi, Kiingereza darasani, na Kiswahili katika soko la Busia. Kila lugha ina picha zake, na picha hizo huvuka mpaka kila siku pamoja na mahindi na samaki. Tena Kiswahili si lugha ya soko tu sasa. Ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Yafaa basi tukijue kwa ndani.

1. Tashbiha na sitiari

Tuanze na hizi mbili, ambazo ni mlango wa nyumba nzima. Tashbiha ni kulinganisha vitu viwili kwa neno kama, au mithili ya, au mfano wa. Nikisema, "Abiria walibanana ndani ya gari kama dagaa," nimefanya tashbiha. Sitiari hulitupa neno hilo la kulinganisha, ikasema kwamba kitu kimoja ndicho kingine. Nikisema, "Mzee yule ni mkono wa birika," nimefanya sitiari.

Katika zote mbili tafuta mambo matatu. La kwanza ni kile kinachosemwa: abiria, au mzee. La pili ni kile kilicholetwa ili kutusaidia kuona: dagaa, au mkono wa birika. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni sifa inayoviunganisha. Dagaa ni samaki wadogo; sisi upande wa Uganda huwaita mukene, na ndugu zetu wa Kenya huwaita omena. Ukienda Majanji ukawaona wameanikwa kando ya ziwa, wamelaliana maelfu kwa maelfu bila nafasi ya kutia kidole, umekwisha ielewa tashbiha ile. Na ukitazama birika, utaona kwamba mkono wake umekunjwa siku zote, wala haunyooki kumpa mtu kitu. Ndiyo maana mchoyo huitwa mkono wa birika.

Katika madaftari ninayosahihisha hukuta kila muhula "nguo nyeupe kama theluji." Nikimwuliza mwandishi kama amepata kuiona theluji, hucheka. Ameinakili kutoka katika kitabu cha mtu aliyeishi penye baridi. Mwaka mmoja kijana aliandika kwamba shuka lilikuwa jeupe kama muhogo uliomenywa ukaanikwa juu ya jiwe. Wenzake walimcheka, wakiona amelishusha daraja shuka la watu. Mimi nilimpa alama zote, kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya kwake na ya kwetu. Kila msomaji wa hapa aliliona shuka lile, na jua lililokuwa likiliwakia.

2. Neno lililozaliwa mlangoni petu

Tamathali moja iliyosafiri mbali sana katika Afrika ya Mashariki ilizaliwa karibu nasi, na wengi hawajui kwamba ni tamathali.

Katika miaka ya 1960, pale Busia, kati ya lango la Uganda na lango la Kenya palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Kuvuka na gari kulitaka hati nyingi. Msafiri aliyeshuka upande mmoja alibaki na mizigo yake juani, akiutazama upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki hapo. Wakawachukua wasafiri juu ya keria, na kuwaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka mara mbili kwa ulimi wetu: boda, boda! Maana yake ni kwamba nakutoa mpaka huu nakufikisha mpaka ule. Desturi hiyo ikaenea hadi Malaba, kisha ikaingia miji mingine ya Uganda, na Kenya, na mbali zaidi.

Tazama safari ya neno hilo. Kwanza lilikuwa jina la mahali. Kisha likawa mwito. Kisha likawa jina la baiskeli yenyewe, na la kijana anayeiendesha. Baadaye baiskeli ilimwachia pikipiki nafasi, na jina likapanda juu ya pikipiki. Leo mtu wa Kampala husema, "Niitie boda," naye hafikirii mpaka wowote.

Kukiita kitu kwa jina la kitu kingine kinachoandamana nacho huitwa taashira. Angalia tofauti yake na sitiari, kwa maana watahini hupenda kuuliza hapo. Katika sitiari vitu viwili hufanana kwa sifa fulani. Katika taashira si lazima vifanane. Yatosha kwamba vimezoea kuwa pamoja. Baiskeli haifanani na mpaka hata kidogo, ila ilikuwa ikifanya kazi mpakani. Vivyo hivyo twasema, "Jembe ndilo linalolisha taifa," tukimaanisha mkulima, kwa sababu mkulima na jembe hawaachani.

Mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi pale Busia kituo cha pamoja, ambamo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mambo yaliyolizaa neno lile yamebadilika sana, lakini neno lenyewe linazidi kunenepa. Tamathali ya namna hii mimi huiita tamathali iliyolala. Lugha imejaa tamathali za aina hiyo: mguu wa meza, mdomo wa chupa, mkono wa shati, kichwa cha habari. Hatuzioni tena kuwa picha. Lakini aliyelala huweza kuamshwa, na mwandishi mzuri huziamsha. Akiandika kwamba meza ilichoka kusimama, mguu wake umeamka.

3. Sitiari huhukumu

Sasa nawaomba mwangalie vizuri, kwa sababu hapa somo linatoka darasani na kuingia barabarani. Mtu akivuka mpaka pasipo kupita kituoni, husemwa kwamba amepita njia ya panya. Kitu kilicholetwa ni panya. Panya hapiti mlangoni. Ana tundu lake ukutani, hupita gizani, na akipita chakula hupungua. Sifa zinazohamishwa ni tatu: wembamba wa njia, siri, na wizi.

Msemo huo unamfaa sana mfanya magendo aliyejaza lori zima, akachagua usiku wa manane. Lakini yuko pia mama mwenye shamba upande huu na dada yake upande ule, ambaye hubeba beseni la nyanya mchana kweupe, akipita njia ambayo bibi yake aliipita. Mwaka 1902 Waingereza walipoikata sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, Wasamia na Wateso walijikuta wako pande mbili. Njia nyingi za miguu ni kongwe kuliko malango. Mama huyo naye, ukisema amepita njia ya panya, sifa zote tatu zimempanda kichwani pamoja na beseni. Umekwisha mwita mwizi, wala hakuna aliyemwuliza neno.

Sisemi kwamba sheria ya forodha ivunjwe. Ushuru ni ushuru, nao hulipa mishahara ya walimu. Nasema kwamba sitiari haielezi tu, bali huhukumu pia, tena huhukumu kwa haraka kwa sababu msikilizaji hajui kwamba hukumu imepitishwa. Kwa hiyo kila unapoikuta katika gazeti, au katika hotuba ya mtu anayeomba kura, jiulize: kitu gani kimeletwa hapa, na ni sifa zipi zimekuja nacho bila kualikwa? Mtu anayewaita watu siafu, au kupe, au magugu, anakutayarisha ukubali watendewe kama vitu hivyo. Magugu hung'olewa. Mtambue kabla mkono wako haujashika jembe.

4. Methali zilizotoka majini

Methali nyingi za Kiswahili zilizaliwa pwani, miongoni mwa mabaharia, wavuvi na wakwezi wa minazi. Zilipanda bara na misafara, kisha na reli iliyotoka Mombasa. Zilipofika kwetu maneno yalikuwa yaleyale, lakini vitu vilibaki pwani. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka mmoja wanafunzi wawili walinieleza kwa ujasiri kwamba mgema ni mfugaji wa ndovu, naye akisifiwa humpeleka mnyama wake mtoni akaoge. Ajabu ni kwamba maana waliyoandika chini yake ilikuwa sahihi, ya kwamba sifa nyingi humharibu mtu, kwa kuwa waliikariri. Maana wanayo, picha hawana. Tembo la methali hii ni ulevi wa mnazi. Mgema hupanda juu ya mti, hulikata karara, hutundika chombo, na utomvu hudondoka humo. Akisifiwa mno kwa utamu wa tembo lake, hujiona na kutamani faida, akaliongeza maji.

Lakini ngojeni. Huku kwetu ulevi wa wimbi, malwa, hukaa ndani ya chungu, na wanywaji huuzunguka na mirija yao mirefu. Mwenye nyumba hupita mara kwa mara na birika la maji ya moto, akimimina chunguni. Bila maji hayo malwa hayanyweki. Hapa kwetu anayetia maji anatimiza wajibu wake, na anayesahau ndiye anayelaumiwa! Mtoto wa Tororo anayeifikiria methali ile kwa chungu cha malwa hataielewa daima. Ni sharti kwanza apande mnazi, walau kwa mawazo.

Wa pili: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, omo ni ya mbele, na ngama ni tumboni mwa chombo, chini kabisa. Baharia aweza kutembea nyuma na mbele apendavyo, lakini mwisho atarudi ndani ya chombo, kwa sababu nje ni maji matupu. Ukizijua sehemu tatu hizo, huhitaji mwalimu wa kukuambia kwamba methali yasema juu ya mtu anayezunguka dunia, kisha akarudi kwao. Wenzetu mliotoka hapa mkakaa miji ya mbali, nadhani mnaielewa vema kuliko wanafunzi.

Wa tatu ndio wenye uzito: Maji yakijaa hupwa. Katika Mombasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapokuwa mpevu au mchanga, tofauti ya kimo cha maji hupita mita 3. Mtoto wa pwani huona asubuhi mashua zimelala juu ya mchanga, na mchana akaziona zinaelea. Kwa hiyo akiambiwa kwamba maji yakijaa hupwa, hupata faraja: shida hii haitapita siku nyingi, na mwenye cheo leo asijivune, kesho atakuwa mkavu.

Ziwa letu halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Likipanda, hupanda kwa majira na miaka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwezi wa Mei 2020 lilifikia kimo kilichopita hata kile cha 1964, na watu wa kando ya ziwa, Uganda na Kenya, wakahama nyumba zao. Maji hayakurudi jioni, wala wiki ile, wala mwezi ule. Hebu fikiri mtu anamjia aliyepoteza nyumba namna hiyo, anampiga bega na kumwambia kwamba maji yakijaa hupwa. Aliyesema ametaka kufariji. Aliyesikia amesikia dhihaka. Maneno ni mazuri na Kiswahili ni safi. Kilichokosekana ni kitu.

5. Tashihisi na chuku

Tashihisi ni kukipa kisicho mtu matendo ya mtu. Nikisema, "Jiwe la Tororo limevaa kofia, ingizeni nguo ndani," nimelipa jiwe kichwa, na kila mkazi wa mji ule anajua kwamba wingu limetua juu ya mlima wake na mvua haiko mbali. Sentensi hiyo ina kazi: inaokoa nguo. Tashihisi mbaya ni ile isiyo na kazi, kama jua linalotabasamu katika kila insha ya kila mwanafunzi, hata katika insha ya msiba.

Chuku ni kuongeza mambo kupita kiasi. Dereva wa lori akisema, "Nilingoja mpakani hata nikaota mvi," hakuna atakayemtazama nywele. Chuku ni halali pindi msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua kwamba ni chuku. Mmoja wao asipojua, imegeuka kuwa uwongo. Kijana aliyepigwa na watu watatu, akienda kituo cha polisi akaandikisha kwamba alipigwa na watu mia, ameidhuru haki yake mwenyewe. Watetezi wa wale watatu watamwomba awataje tisini na saba waliobaki.

6. Tafsida, na kazi ya mkalimani

Tafsida ni kusema jambo zito au la aibu kwa maneno ya adabu. Twasema mama ni mja mzito, au amejifungua, mzee ametuaga, mtoto anakwenda haja. Mila zetu zote huzipenda tafsida, na mtu asiyezijua huonekana hakulelewa.

Hata hivyo nina neno la kuwaambia vijana wa hapa. Kila mmoja wenu atakuwa mkalimani siku moja, akitaka asitake. Bibi yako ataugua, utampeleka hospitali, na mganga atakuwa mtu wa mbali asiyejua lugha ya nyumbani. Utasimama katikati. Bibi aweza kusema kwamba moyo unamwuma. Katika Kiswahili maneno hayo yana njia mbili. Aweza kuwa na huzuni juu ya mwanawe aliyepotea. Aweza pia kuwa na maumivu ya kweli kifuani, ambayo hayangoji. Ukitafsiri neno kwa neno, umemwachia mganga fumbo, naye hakusomea mafumbo. Mwambie bibi kwa heshima, "Bibi, weka mkono mahali panapouma." Mkono wake utakuonyesha kama ni tamathali au si tamathali.

Vivyo hivyo mtu akisema kwamba mtoto ameishiwa damu, usidhani ni chuku. Katika nchi yenye malaria kama hii, upungufu wa damu ni ugonjwa wa kweli, na huua watoto. Na mwanamke akisema kwa haya kwamba hajaziona siku zake, mkalimani asiyeielewa tafsida hiyo atamwuliza ni siku gani, Jumatatu au Jumanne. Tafsida ni pazia la heshima. Mkalimani lazima ajue kilichoko nyuma ya pazia, akiseme wazi kwa yule anayepaswa kukijua, na kwa huyo tu.

7. Kitabu kizima kuwa fumbo

Yote niliyotaja hukaa ndani ya sentensi moja. Lakini tamathali huweza kukua hata ikawa kitabu. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika, na miaka yake ya kwanza ya kazi ilipita katika idara ya forodha. Wenzetu wanaofanya kazi mpakani wana ndugu mkubwa katika fasihi. Mwaka 1951 kilitolewa kitabu chake kiitwacho Kusadikika, kinachosimulia nchi iliyo angani. Humo mtu mmoja, Karama, anashitakiwa kwa sababu ametaka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kuwataja wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta mema ya nchi, wakarudi wakaadhibiwa.

Nchi ya angani haipo, kila mtu anajua. Lakini Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na wasomaji wengi wamekiona ndani ya kitabu kile kilio cha watu wasiosikilizwa na watawala wao. Fumbo lilikuwa ngao: mwandishi aliweza kusema, na msomaji aliweza kusikia. Hapa pia kanuni yetu inasimama. Asiyejua habari za Tanganyika ya mwaka 1951 atasoma hadithi ya kupendeza. Anayezijua atasoma vitabu viwili kwa bei ya kimoja.

8. Mahali pa kunyamaza

Kabla sijamaliza, nataja mahali ambapo tamathali haitakiwi. Hati ya deni isiandikwe, "Nitalipa mambo yakinyooka." Mambo hayana siku maalum ya kunyooka. Andika kiasi, tarehe, na majina ya mashahidi. Maagizo ya dawa yasitiwe mapambo. Ushahidi mbele ya hakimu usitiwe chumvi. Barua ya kuomba kazi isiseme kwamba wewe ni simba. Mwajiri anatafuta karani. Mwenye kujua tamathali vizuri hutambulika pia kwa mahali anapoziacha.

Zoezi

Jibu katika daftari lako. Kwa kila swali taja kwanza kitu, kisha sifa, na mwisho jina la tamathali.

(1) "Kaka ameoa, amepata jiko." Jiko limeletwa kwa sababu gani? Je, sitiari hii inamhukumu mke? Eleza maoni yako kwa adabu.

(2) "Mzee huyu amekula chumvi nyingi." Chumvi na miaka vinahusiana namna gani? Je, ni sawa na chumvi ya "kutia chumvi"?

(3) Tunga tashbiha tatu kwa vitu ulivyoviona wewe mwenyewe kati ya Dabani na Busia. Usitumie theluji, wala simba, wala malaika.

(4) Mwombe mzee wa nyumbani kwenu akupe methali moja ya lugha yenu. Ieleze kwa Kiswahili ili mtoto wa Mombasa aione picha. Kama kitu hicho hakipo pwani, kieleze kwanza.

(5) Tafuta katika gazeti la juma hili sitiari moja inayowahusu watu. Taja sifa zilizokuja bila kualikwa.

Swali la nne ndilo nilipendalo kuliko yote, wala si la wanafunzi peke yao. Ninyi mliosoma hapa zamani, hasa mliohamia pwani, fanyeni kinyume chake: tupeni methali ya huko na mtueleze chombo, au mti, au samaki iliyesimama juu yake. Leteni kwa mhariri kabla ya mwisho wa muhula. Majibu yaliyo bora tutayasoma darasani, na vijana watapata kuona bahari bila kulipa nauli.